Kanda Tatu Zilizozomewa

Jumamosi, 1 Novemba 1997

Mvua ya kwanza imenyesha na kumbikumbi wametoka. Shida, anayeuza karanga mlangoni pa banda la video, alijaza ndoo nzima akaniletea bakuli. Mke wangu Klementina alikuwa anawakaanga bila mafuta, chumvi tu, halafu anapuliza mabawa dirishani. Mimi nimewaunguza.

Tulimzika kijijini Kate mwezi uliopita, kwa ndugu zake. Homa ilimchukua kabla hatujakubaliana ni homa gani. Watu walikuja wengi kunipa pole. Walikula vizuri, wakaniambia nijikaze, wakauliza kama mchuzi umebaki.

Kesho banda linafunguliwa. Mimi naendelea na jenereta na deki kama zamani. Kiti chake cha kutafsiri filamu kitakaliwa na mtu mwingine.

Jumapili, 2 Novemba

Mtafsiri mpya anaitwa Eustace. Amemaliza kidato cha nne Mbeya, na hilo anakuambia kabla hujamuuliza jina. Anavaa miwani ya jua ndani ya banda lenye giza. Shikamoo alinipa huku anaangalia TV.

Klementina Kiingereza alikiokota jikoni kwa madaktari wa Kizungu wa hospitali ya misheni, miaka yote aliyowapikia. Alikuwa anakaa pembeni ya TV, mikono mapajani, na kila mtu kwenye filamu alimpa sauti yake. Eustace kila mtu anampa sauti ya Eustace. Mzungu akisema maneno mengi, yeye anasema, "Jamaa anamwambia, nitakutoa meno." Mwanamke akilia, "Anasema watatoana meno." Leo kulikuwa na daktari anampima mgonjwa kifua, na yeye pia, kumbe, alikuwa na shida na meno.

Banda lilicheka sana. Watu hawa wakipewa pumba watasifu pishi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 20 Novemba

Redio inasema mvua za mwaka huu zina jina, Elnino. Barabara ya Tunduma imekatika, na basi linaloleta kanda mpya limelala huko kwenye tope. Yunusu, mwenye banda, ameingia kwenye kabati la zamani akatoka na kanda za filamu ya Chombo, zote nne.

"Tutaonyesha ya kwanza mpaka barabara ipone," akasema. "Hizi tatu nyingine hata usiziwashe. Watavunja viti."

"Sasa umezitoa za nini?"

"Za kufuta. Mdogo wangu Fahadi anakuja baada ya Pasaka, ana dishi kule Mbeya. Mwezi wa sita Kombe la Dunia, mzee Nestory. Atanirekodia mechi. Kanda tupu za siku hizi ni takataka, zinakatika. Hizi ni ngumu, za zamani."

Nilisema sawa. Ni mali yake. Nikarudi kwa jenereta nikakuta nimesahau nilichokuwa nafanya.

Jumapili, 23 Novemba

Nitaziandika hapa zilivyo, maana zikifutwa hakuna mwingine Sumbawanga hii atakayezikumbuka, na akikumbuka atakumbuka vibaya.

Chombo ya kwanza: dunia imeharibika, watu wamepanda chombo kinachoruka kwenda kutafuta dunia nyingine. Rubani ni mama mwenye nywele fupi. Hapa tulimwita Mama Rubani. Njiani wanakutana na viumbe vya moshi, wanapigana, wanashinda. Basi. Watu wameiona hadi wanajua mahali pa kupiga makofi, wengine wanaanza mapema.

Ya pili: Mama Rubani anakufa. Mlango wa chombo umeharibika, lazima mtu aufunge kwa nje, anaufunga yeye. Watu walitaka apigane. Wakazomea.

Ya tatu: Mama Rubani hayupo. Fundi wa chombo, mzee mmoja mpole, anakaa na kiti chake kitupu na kuongea nacho. Wakazomea, wakarusha maganda ya karanga.

Ya nne: Mama Rubani huyu hapa, mzima, yuko kwenye nchi ya barafu analima. Saa nzima na zaidi, analima. Hiyo ndiyo siku walipovunja benchi. "Si alikufa huyu! Anarudije?" Klementina hakugeuza hata shingo. Akasema, "Alitafutwa, akapatikana. Kaeni chini."

Wakakaa.

Mimi mwenyewe naona zote nne ni ujinga. Watu wazima wamevaa nguo za kubana, wanaongea na mashine. Lakini yeye alizipenda hizo tatu za mwisho, na zikiwa zinacheza mimi najua hapa alisema hivi, pale alikohoa, pale aliniomba maji. Nikizitazama namsikia. Zikirekodiwa mpira nitamsikilizia wapi?

Jumatano, 10 Desemba

Chombo ya kwanza, siku ya ngapi sijui. Eustace sasa anaingiza na nyimbo.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Nilikwenda misa ya asubuhi nikarudi nikapika wali. Nilimpakulia na yeye. Mkono una mazoea yake.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Mfungo wa Ramadhani umeanza, Yunusu amefunga banda hadi Idi. Unyevu umeingia kila mahali. Viatu vyangu vya misa vimeota ukungu wa kijani. Yunusu amenipa ufunguo.

"Kanda zikiota ukungu hata Fahadi hazimfai. Washa jenereta mara moja moja, zipitishe zote kwenye deki, mwanzo mpaka mwisho. Usirukeruke."

"Hata hizi tatu?"

"Hizo hasa. Ndizo za mpira."

Kwa hiyo nimepewa kazi ya kumtunza mbuzi mpaka siku ya kuchinjwa.

Jumatatu, 5 Januari

Nimeanza na ya kwanza, peke yangu, mchana, mvua inapiga bati. Sikuwahi kuitazama bila kelele za watu, na sasa najua kelele zilikuwa zinaficha nini. Ni filamu ya hovyo. Hakuna anayekula. Wamesafiri mwaka mzima angani na hakuna aliyemuuliza mwenzake umeamkaje. Yule kijana wao mmoja aliuawa na moshi, na kabla moshi haujatulia wenzake walishaanza kuchekeshana. Kuku wangu wana adabu ya msiba kuliko hao.

Hii ndiyo inayoliliwa na mji mzima.

Alhamisi, 8 Januari

Yenye namba mbili. Ni maandishi kwanza, mengi, yanapanda polepole kama moshi wa kuni mbichi. Sikuwahi kuyaona. Bandani maandishi hupelekwa mbele, ndiyo desturi, watu hupiga kelele "Pelekaaa!" na Yunusu hataki mafuta ya jenereta yaishe kwa majina ya Wazungu. Leo niliyaacha yapite, kwa sababu ya ukungu.

Halafu filamu. Mama Rubani kabla ya kutoka kufunga ule mlango anamwonyesha Fundi mahali alipoweka mbegu. Sasa mbegu zimetoka wapi? Ndiyo upuuzi wa filamu hizi, kitu kinatokea tu. Anamwambia maneno. Klementina alisema hapo, "Usizimwagie maji mengi, zitaoza." Banda zima lilikuwa linapiga miluzi, na yeye akasema kwa sauti ile ile, kama anamwambia mtu jikoni.

Nilizima jenereta kabla ya mlango kufungwa. Nitarudia kesho.

Jumatano, 14 Januari

Nimerudia. Nimeiona hadi mwisho. Sasa najua kwa nini hawakuitaka. Hakuna mahali pa kupiga makofi.

Jumanne, 20 Januari

Yenye namba tatu, ya kiti kitupu. Fundi kila asubuhi anaweka vikombe viwili. Kimoja anakunywa. Cha pili kikipoa anakwenda kukimwaga kwenye mimea, halafu anakiosha vizuri, anakiweka mahali pake. Watu wa mji huu walitazama jambo hilo wakatupa maganda.

Najiuliza walikuwa wanatazama nini. Kila nyumba mtaani kwetu Chanji ina kikombe kama hicho.

Jumapili, 1 Februari

Idi ilikuwa Ijumaa. Banda limefunguliwa. Munira, mke wa Yunusu, aliniletea pilau na kuniita shemeji kama zamani. Yeye na Klementina walikuwa hawamalizi kuagana mlangoni.

Eustace amerudi na shati jipya. Nilimwambia nimezitazama zile tatu na si mbaya kama watu wanavyosema.

"Mzee, zile wamechemsha," akasema. "Cheki, ya kwanza ina hadithi. Zile nyingine hazina mpango. Mtu kafa, hayupo, halafu yuko shambani. Aliyetunga alikuwa kalewa."

"Klementina alizieleza vizuri."

"Mama alikuwa anawabembeleza tu watu, mzee. Ukitaka kujua filamu muulize mtu aliyesoma."

Nilimwangalia akitafuta kiti kwa miwani yake, akajigonga goti.

Jumatano, 11 Februari

Siku za matuta. Wanawake wanalima toka alfajiri, wanakata majani, wanayafunika kwa udongo uliogeuzwa, yaozee ndani, ndiyo ntumba zetu. Klementina alikuwa na uwanja wake mdogo nyuma ya nyumba. Nimepiga matuta mimi mwaka huu. Jirani alisimama kwenye uzio akaniuliza kama nazika kuku.

Jumamosi, 14 Februari

Yenye namba nne, ile ya shambani. Nusu ya kwanza niliitazama kwa hasira, maana matuta wanayoyapiga kwenye barafu yale ni ya ovyo kabisa. Halafu niliona Mama Rubani anageuza majani chini, udongo juu, anapigapiga kwa mkono. Ni ntumba. Hakuna jina lingine. Na Klementina alisema hivyo hivyo, "Anapiga ntumba," nami nikadhani anachekesha.

Wanagombana juu ya chakula, wanasameheana vibaya vibaya kama watu. Fundi na Mama Rubani wanakunywa chai ya kwanza ya mimea yao, vikombe viwili, na mama anamcheka Fundi kwa kuwa amekunja uso. Mwisho anafunga mbegu kwenye kitambaa. Basi, imekwisha.

Nimekaa mbele ya TV iliyozima. Ni filamu nzuri. Naandika ili nisikane kesho: ni nzuri kuliko ya kwanza mara nyingi sana, na watu waliivunjia benchi.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda, upande wake.

Ijumaa, 27 Februari

Sasa nimecheka peke yangu kanisani, Mungu anisamehe, tena wakati wa Njia ya Msalaba.

Tulikuwa tunapita kituo kwa kituo. Juu ya kila picha kuna namba zile za Kirumi za kanisa, za mistari. Mbele ya kituo cha pili, Yesu anapokea msalaba, nikaangalia ile mistari miwili iliyosimama, nikajua nimeiona karibuni na si kanisani. Nimeiona kwenye kioo, mwishoni mwa yale maandishi yanayopanda, kwenye kanda ya shambani. Ile tuliyoiita ya nne.

Sikungoja baraka. Nilikwenda bandani na viatu vimejaa tope, nikawasha jenereta, nikatazama maandishi matupu ya kanda zote. Yenye plasta ya mbili ina mistari mitatu. Yenye plasta ya tatu ina namba ya kituo ambapo Yesu anakutana na Mama yake, yaani nne. Yenye plasta ya nne ina mistari miwili.

Hakufufuka! Hakupotea wala hakupatikana. Kwanza alilima, kisha akafa, kisha Fundi akabaki na kiti. Mbegu anazomwonyesha Fundi ni zile alizofunga kwenye kitambaa. Kile kikombe cha pili ni cha chai ile waliyochekea. Kila kitu kimetoka mahali pake.

Yunusu alibandika plasta na kuandika namba kadiri basi lilivyoleta. Iliyofika kwanza ikawa ya kwanza. Na mji mzima kwa haraka yake ya kupeleka maandishi mbele ukaruka kitu pekee ambacho kingewaambia. Halafu wakasema aliyetunga kalewa. Eustace na kidato chake cha nne, na wale wanaojifanya mabingwa wa sinema sokoni, na mimi hapa kwenye deki, kidole changu kikiwa juu ya kitufe miaka yote, tumemzomea mtu kwa kosa letu wenyewe. Nimepita njiani kurudi nyumbani nikawadharau wote niliokutana nao, hata waliokuwa wananiamkia.

Jumapili, 1 Machi

Nilimweleza Yunusu. Alinisikiliza huku anapima sukari dukani kwake.

"Kwa hiyo nilikosea namba."

"Ulikosea."

"Sawa. Nitazifuta kwa mpangilio mzuri."

"Yunusu. Waonyeshe watu mara moja tu, kwa mpangilio wake. Pasaka. Basi haliji, ya kwanza wameichoka, wewe mwenyewe unaona viti."

Aliona viti. Alifunga karatasi ya sukari, akafungua, akafunga tena.

"Pasaka," akasema. "Zote tatu. Wakikaa mpaka mwisho, Fahadi atatafuta kanda nyingine. Wakizomea, mzee wangu, tusilaumiane."

Jumatano, 4 Machi

Nilikwenda kwa Munira kumweleza, nikidhani namletea habari. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Klementina alijua, shemeji."

Nilimwuliza alijua nini.

"Kwamba kanda ziligeuzwa. Alijua siku ile ile walipovunja benchi, si alikuwa anasikia Kiingereza? Alikuja hapa akakaa hapo ulipokaa, akacheka mpaka akajishika tumbo. Nikamwambia basi mwambie Yunusu arekebishe namba. Akasema hapana. Akasema, 'Mtaa huu tunazika kila wiki, Munira. Huyu mmoja akirudi, itamdhuru nani?'"

Mchele ulikuwa safi na bado anauchambua.

"Mimi mbona hakuniambia?"

"Wewe?" Sasa akaniangalia. "Wewe ungesimama mlangoni pa banda uwaeleze watu wote, mmoja mmoja. Unapenda kunyoosha mambo, shemeji. Alikuwa anakujua."

Nimerudi nyumbani. Nilitaka kumkasirikia lakini hakuna wa kuanza naye.

Alhamisi, 5 Machi

Bado namkasirikia kidogo.

Jumanne, 17 Machi

Mvua imeondoa tuta moja nyuma ya nyumba. Nimelirudisha. Maharage yametoka kwenye mengine. Jirani hajasema kitu kuhusu kuku.

Ijumaa, 3 Aprili

Wote wanaambiana kwamba Pasaka kutakuwa na "zile mbovu". Sokoni nilimsikia mtu akisema atakuja kwa ajili ya kuzomea tu, amekumbuka zamani. Eustace anafanya mazoezi ya vichekesho. Nimemwambia ya kwanza kuonyeshwa ni ya shambani. Akasema, "Mzee, hiyo watatuua." Ana raha ya mtu asiyelipia benchi.

Mimi nimekuwa nikiwaza jambo moja. Nikizipanga sawasawa, watu wataelewa, na kanda zitapona. Lakini zikipangwa sawasawa Mama Rubani hatarudi tena. Atakufa katikati na kubaki amekufa, na mwisho ni kiti kitupu. Kwa mpangilio wa Klementina, Fundi anangoja na vikombe vyake, halafu siku moja, huyu hapa, ana udongo mikononi.

Sijui nani alinipa mimi kazi hii ya kumwua mtu vizuri.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Banda limejaa mpaka madirishani. Hawana pa kwenda, barabara zote maji.

Saa nane mchana niliweka ya shambani. Maandishi yalipoanza wakapiga kelele, "Pelekaaa!" Niliondoa mkono kwenye deki nikaukalia. Walipiga kelele mpaka mistari miwili ikatokea, wakachoka wenyewe.

Eustace alianza. "Jamaa anamwambia demu, nitakutoa—"

"We, nyamaza!" Ilikuwa sauti ya Shida, kutoka kwenye benchi la wanawake. Wamelima matuta miezi miwili, viganja vimewakwaruzika, na mbele yao mwanamke wa Kizungu alikuwa amepiga magoti anakata majani.

"Anafanya nini huyo?"

"Si anapiga ntumba."

"Ntumba gani hiyo imelala? Maji yatatuama hapo."

"Mwache, ni la kwanza. La kwako la kwanza lilikuwaje?"

"Geuza chini, mama! Majani chini!"

Na akageuza chini, wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume waliokuja kuzomea walikuwa wanageuka kuangalia benchi lile kama watu waliokosea mlango. Eustace alijaribu meno mara moja tena. Mtu alimrushia karanga, moja tu, lakini ilimpata kwenye miwani.

Jioni niliweka ile ya mlango. Sitaandika yote. Alipomwonyesha Fundi zile mbegu kwenye kitambaa, bandani pakawa kimya, kwa sababu kitambaa walikijua, walikiona mchana. Alipotoka nje hakuna aliyemwambia apigane. Mlango ulipofungwa nilisikia jenereta langu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa. Watu walitoka bila kusukumana, kama wanaotoka kwenye nyumba yenye msiba, na wawili watatu, wakipita mlangoni, waliniambia, "Pole, mzee Nestory." Sikuwaelewa mara moja. Halafu nikawaelewa.

Ni hao hao waliouliza mchuzi.

Jumatatu, 13 Aprili

Saa tisa mchana, ya kiti kitupu. Eustace alinivuta pembeni, hana miwani.

"Mzee, hii siiwezi. Haina maneno. Jamaa amekaa tu na kikombe. Nitasema nini?"

Nilitaka kumwambia mwulize mtu aliyesoma. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini alikuwa na uso wa mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, nikamwambia, "Kaa kwenye deki wewe. Usiguse kitu."

Nikaenda nikakaa kwenye kile kiti pembeni ya TV. Mguu mmoja umepungua, kinayumba kidogo upande wa kulia. Hilo hakuwahi kuniambia.

Mimi Kiingereza sijui. Kwa hiyo sikusema anachosema Fundi. Nilisema alichosema Klementina, maneno yake nilikuwa nayo yote. Fundi alipoweka vikombe viwili nikasema, "Chai iko tayari." Alipokaa muda mrefu nikakaa kimya muda huo huo, maana yeye alinyamaza hapo. Fundi alipogusa kikombe cha pili na kusema maneno yake machache, nikasema kama yeye alivyosema:

"Imepoa. Nitakuwekea nyingine."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja nyuma, mfugaji aliyekuja na fimbo yake, akaitikia, "Ehee," taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za kwao.

Filamu iliisha. Walikaa. Yunusu alikuwa amesimama mlangoni, akaona viti vyote vina watu, akakuna kidevu.

"Basi," akasema. "Fahadi achukue ile ya kwanza. Kelele kwa kelele, mpira utafaa hapo."

Hata hapo hawakuinuka. Shida akasema, "Mzee Nestory, weka ile ya matuta."

"Mmeiona jana."

"Tumeiona. Weka."

"Mpangilio wake ni kwamba ile inakuja kabla. Namba ziko kwenye maandishi, kama mngekuwa na subira ya—"

Nilijisikia nikisema. Munira alikuwa dirishani amefunika nusu ya uso kwa kanga, na macho yake yalikuwa yananicheka. Nikaacha.

Nilirudi kwenye deki, nikamwondoa Eustace, nikaweka kanda. Maandishi yakaanza kupanda polepole. Kabla ile mistari miwili haijatokea nikaweka kidole kwenye kitufe nikayapeleka mbele yote, mpaka pale alipopiga magoti kwenye barafu, mzima, udongo mikononi.

"Ah, si alikufa huyu?" Eustace akasema nyuma yangu. Kijana wa watu alikuwa anauliza kweli. "Anarudije?"

Shida hakugeuza hata shingo.

"Alitafutwa, akapatikana," akasema. "Kaa chini."